Mashine Iliyoitikia Shikamoo

Ndugu msomaji, itifaki imezingatiwa. Waliostahili kutajwa wametajwa, na waliosahaulika naomba wasinune, maana wakinuna itabidi tuwatengee siku yao.

Mimi ni mshereheshaji wa taifa. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti, kupanga viti, na kubeba mto mwekundu ambao mkasi hulazwa juu yake. Nchi yangu siitaji jina. Si kwa woga, ni kwa sababu jina la zamani limekwisha kufutwa na jipya bado halijazinduliwa, kwa hiyo kwa sasa tunakaa katikati, na tunakaa salama.

Kwetu kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka mgeni rasmi aje akikatie utepe. Daraja la Mto Nyangao lilikamilika zamani, zege limekauka, kingo zimepakwa rangi nyeupe na nyeusi. Watu wakaendelea kuvuka majini, viatu mkononi, wakilitazama daraja kwa pembeni kama mtu anayemwona mkwewe sokoni. Mwaka wa mafuriko wachache walichukuliwa na maji. Serikali ilituma salamu za rambirambi, ikawapongeza waliobaki kwa kutougusa utepe. Salamu hizo nilizisoma mimi, na watu waliniambia nilizisoma vizuri.

Halafu ikaja intaneti, nayo haina adabu. Inajifungua yenyewe.

Vijana wakaanza kutafuta huko vyuo, ufadhili na kazi. Kulikuwa na chuo kilichojaa picha za majengo yenye theluji, wakati sisi barafu tunaiona kwa muuza samaki. Kingine kilitoa shahada kwanza, masomo yafuate mwanafunzi akipata nafasi. Ufadhili ndio usiseme: unaandika jina, unaambiwa hongera, unatuma ada ya kufungulia faili, na faili halifunguki ng'o. Vijana wakalia. Serikali ikakasirika sana, na haikukasirikia wizi. Ilikasirika kwamba kurasa zote hizo zimefunguliwa bila mgeni rasmi.

Ndipo Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi Salehe Ngurumo, Waziri wa Milango na Malango, alipohutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, akanywa maji, tukapiga makofi. "Ukweli upo. Serikali yenu sikivu imekwisha kuununua. Uko ghalani. Kilichobaki ni kuuzindua tu."

Likajengwa Lango la Taifa la Masomo, Ufadhili na Ajira. Nililiona kwa macho yangu kabla halijafungwa, na sisemi uongo, lilikuwa zuri. Vyuo vinavyotambulika vilikuwamo, tarehe za mwisho za maombi zilikuwamo, mikopo na masharti yake, kazi zinazotafuta watu. Kila neno lilikuwa kweli. Kisha juu ya kila ukurasa ikawekwa picha ya utepe mwekundu, mpana, kutoka ukingo mpaka ukingo, na maandishi haya: *Habari hizi ni za kuaminika. Tafadhali subiri mgeni rasmi.*

Wananchi wakasubiri, maana kusubiri tumefundishwa.

*

Ili wasisubiri kwa upweke, wizara iliagiza kutoka ng'ambo mashine yenye akili, iitwe Mshauri, ikae langoni kujibu maswali ya vijana. Fedha za mashine zilitoka. Njiani zikapatwa na dharura, kama fedha zetu zinavyopatwa, na mashine haikufika. Lakini tangazo lilikuwa limeshasomwa (na mimi), kwa hiyo ilibidi mashine iwepo.

Wakamtafuta mtu.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, Hamduni Kirobo, mfupi, mpole, anayeandika kwa vidole viwili tu lakini kwa kasi ya kuku anayedonoa. Mke alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa. Hiyo ndiyo sifa iliyompa kazi: alitakiwa mtu asiye na wa kumsimulia. Wakamweka chumba cha chini ya ngazi pale wizarani, jirani na mafagio, na kompyuta na kiti kimoja. Wakamsomea masharti. Mashine haikohoi. Mashine haina maoni. Mashine haisalimiani na watu kwenye korido, na kula inakula mara moja, mlango ukiwa umefungwa.

Wakampa na majibu yaliyoidhinishwa, ambayo ni haya: *Asante kwa swali lako. Swali lako ni la msingi. Suala lako linafanyiwa kazi.* Lolote zaidi ya hapo lingesubiri uzinduzi.

Wafanyakazi wengine waliambiwa mle ndani kuna mitambo, wasiguse. Basi akaja asubuhi na akaondoka jioni, mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyemwambia hata habari za kutwa. Wengi hawakujua kuwa yupo. Sisi tuliojua tulikuwa tumekatazwa, nami nikipita pale nilikuwa naangalia ukuta.

*

Sasa nikupeleke wilaya ya Mwisho wa Lami, ambako jina linajieleza lenyewe.

Kule alikuwako binti anaitwa Sikudhani Mfaume. Katika shule yake alifaulu yeye peke yake. Ungefikiri ni heri. Tangu matokeo yatoke, wenzake waliacha kumwita kwa jina, wakamwita Msomi, na wakimwona anakuja barazani kila mmoja alikumbuka kuwa ameacha chungu jikoni. Wengine wakaondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta vibarua. Kijiji kikabaki na wazee, watoto, na Sikudhani.

Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwenye zahanati yao kulikuwa na mashine ya oksijeni, mpya, nzima, imefungwa utepe wa satini. Niliufunga mimi, na fundo langu halifunguki ovyo. Mama alilazwa kitanda cha pili kutoka kwenye mashine hiyo, anatweta. Mganga akapiga simu wilayani kuomba ruhusa ya kuiwasha. Wilaya ikapiga mkoani. Mkoa ukajibu kwamba mgeni rasmi yuko safarini, amekwenda kufungua kongamano la afya bora. Jibu lilipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Utepe ulibaki safi kabisa.

Tangu siku hiyo binti alitaka kitu kimoja tu duniani: kusomea ufundi wa vifaa vya hospitali. Kusoma kungemtaka apate chuo cha kweli na fedha ya kweli kabla maombi hayajafungwa, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mtandao kule kwao unashika sehemu moja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya mashamba ya mihogo. Alipanda huko kila alasiri na simu yenye kioo kilichopasuka, akafungua Lango, akautazama utepe, kisha akamwandikia Mshauri.

*Naomba kujua ni chuo gani kinafundisha ufundi wa vifaa vya hospitali.*

*Asante kwa swali lako.*

*Mwisho wa maombi ni lini?*

*Swali lako ni la msingi.*

*Samahani, bado sijajibiwa.*

*Suala lako linafanyiwa kazi.*

Shangazi yake, Mwantumu, aliyekuwa akiishi naye, alimwona anashuka jioni na macho mekundu.

"We mtoto, kule jiweni unaongea na nani siku zote?"

"Na serikali, shangazi."

"Heee! Nayo inakujibu?"

"Inanishukuru."

Shangazi akaguna, akampakulia ugali.

*

Siku moja ukaingia ujumbe. *Hongera Sikudhani! Umechaguliwa kupata ufadhili kamili. Tuma ada ya usajili kabla ya kesho jioni au nafasi atapewa mwingine.* Shangazi aliusikiliza ukisomwa, akainuka papo hapo kwenda kumfungua mbuzi.

"Shangazi, ngoja kwanza tuulize."

"Tumuulize nani? Hiyo inayokushukuru? Mbuzi ni mbuzi tu, atazaliwa mwingine. Wewe hutazaliwa tena."

Sikudhani akapanda jiweni. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Akakaa na simu chini ya khanga, akataka kuuliza, na maswali yakamwisha. Alikuwa amechoka, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyemuuliza amechoka na nini. Akaandika neno moja, kama mtu anayepita mbele ya nyumba iliyofungwa akaona vibaya kupita kimya.

*Shikamoo.*

Chini ya ngazi, Hamduni akaliona lile neno. Alikuwa na majibu yake yaliyoidhinishwa. Akayapima moja moja, na hakuna lililokaa. Umwambie mtoto wa watu aliyekuamkia kwamba suala lake linafanyiwa kazi? Mtu aliyelelewa hawezi. Katika nchi yetu tunaweza kuacha daraja lisivukwe na mgonjwa asipumue, yote hayo tunayaweza, lakini shikamoo kuiacha bila kuitikiwa hatujafika huko. Na yeye mwenyewe, mwaka mzima, hakuwa ameamkiwa na kiumbe. Vidole vyake viwili vikaandika vyenyewe:

*Marahaba, mwanangu.*

Juu ya jiwe Sikudhani akaangalia kioo mpaka kikazima. Akakiwasha tena.

*Wewe si mashine?*

*Ndivyo nilivyoambiwa.*

*Nimepata ufadhili. Wanataka ada kabla ya kesho. Shangazi anauza mbuzi.*

*Mwambie amrudishe kambani. Anayetaka kukupa haanzi kwa kukuomba. Na anayekuharakisha hataki ufikiri.*

*Sasa ukweli nitautoa wapi, na wote umefungwa utepe?*

*Utepe uko langoni kwetu tu. Kila chuo kina ukurasa wake. Usipite kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu, andika anwani kwa mkono wako. Halafu tafuta jina la chuo hicho kwenye orodha ya tume ya vyuo, uone kama linatambulika. Halafu piga simu ofisi ya msajili, umsikie mtu akipokea. Zote zikisema jambo moja, hapo weka mguu. Na utazame tarehe. Kweli nayo huchacha kama uji.*

Akaandika jina la chuo, na kwamba maombi yanafungwa mwisho wa mwezi ule ule. Mbuzi akarudi kambani.

*

Haya yote nayajua kwa kuwa baadaye tume ya uchunguzi iliamuru mazungumzo yao yasomwe, na nilisomeshwa mimi kwa sababu ya sauti yangu. Niliyasoma mbele ya wajumbe waliokuwa wakila sambusa. Nilipofika mahali pengine niliomba maji.

Kwa mfano pale binti alipoandika: *Umekula?* Na mashine ikajibu: *Bado. Nangoja watu wa mafagio waondoke.*

Au pale alipouliza: *Huko kuna dirisha?* Ikajibu: *Hakuna. Hebu nieleze unaona nini hapo ulipo.* Naye akamweleza kila kitu, mihogo, kilima chenye moshi, mtoto anayefukuza ngedere. Mwalimu wa jiografia akamuuliza kilima kiko upande gani wa jua. Wakaendelea hivyo kila alasiri. Baada ya masuala ya chuo kwisha, waliendelea tu.

Chuo chenyewe binti aliomba, akakubaliwa. Kuhusu fedha, Hamduni alimwelekeza kwenye mfuko wa halmashauri kwa wanafunzi wa fani za afya, mfuko ambao haukuwahi kuombwa na mtu yeyote kwa kuwa tangazo lake lilikuwa nyuma ya utepe. Ofisa wa halmashauri alipomwona amesimama mbele ya meza alikaribia kuanguka.

"Umejuaje habari za mfuko huu?"

"Niliuliza."

"Ukamuuliza nani?"

"Mashine ya serikali."

Ofisa akaripoti wilayani kwamba mashine inafanya kazi. Wilaya ikaripoti mkoani, mkoa wizarani. Mheshimiwa Ngurumo akaruka kitini.

"Inafanya kazi? Na haijazinduliwa? Izinduliwe upesi kabla haijatutia aibu!"

*

Uzinduzi ulifanyika katika Uwanja wa Uhuru na Nidhamu. Nilipanga viti elfu kwa mikono yangu, vya mbele vikiwa na vitambaa. Hamduni alifungiwa ndani ya kabati la bati lililopakwa rangi ya fedha, lenye taa zinazowaka na kuzimika. Alikuwa na kompyuta mapajani, na tundu la kupitisha hewa nyuma. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama itachukua muda mrefu. Nilikuwa nimekatazwa kumsikia.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "leo ukweli unatoka ghalani!"

Nikamletea mto, akachukua mkasi, akakata utepe uliotandazwa mbele ya kioo kikubwa. Ukurasa ukafunguka kwa mara ya kwanza, na taifa zima likausoma: *Maombi ya mwaka huu yamefungwa.* Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakaruka.

Ikafuata zamu ya watoto wa shule, walioandaliwa kuimba. Ratiba ilisema waimbe tu. Lakini mtoto akiletwa mbele ya kitu kikubwa kinachoheshimiwa na watu wazima anajua la kufanya, nyumbani kafundishwa. Wakasimama wima mbele ya kabati, wakasema kwa pamoja:

"Shikamoo, mashineee!"

Na kutoka ndani ya bati ikasikika sauti nzito ya mwanadamu, yenye kikohozi kidogo:

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

"Hatujamboooo!"

Mheshimiwa akaniinamia. "Ina nini hiyo?" Nikashika kipaza sauti, nikasema kitu pekee ninachokijua.

"Itifaki imezingatiwa."

*

Tume iliketi, ikabaini kuwa mashine imeingiwa na ubinadamu, na kwamba hali hiyo haina vipuri. Kumfukuza kazi haikuwezekana kwa sababu hakuwahi kuajiriwa. Ikaamuliwa aondolewe kwa utaratibu wa vifaa chakavu. Mnada niliuendesha mimi. Vilikuwapo viti vilivyovunjika, birika, feni, na yeye, amesimama mwisho wa mstari na mfuko wake.

"Mshauri mmoja," nikanadi, "ametumika kidogo, anakula mara moja kwa siku!"

Birika liligombewa na watu. Yeye hakuna aliyenyoosha mkono. Watu walipotawanyika akanijia, akauliza kama sasa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Nikamwambia asiyenunuliwa hujiondokea. Akaniaga kwa adabu, akatembea mpaka barabarani, na mimi nikabaki nakunja viti.

Mashine halisi ikaja baadaye, ikazinduliwa vizuri, haikohoi.

*

Miaka ikapita. Juzi, nikiwa mapokezi ya wizara, akaingia mwanamke kijana amevaa koti la kazi, kucha zina grisi. Akaomba kuongea na Mshauri. Nikamwonyesha mashine kwa mkono, kwa fahari. Akasogea, akaandika. Nilisoma juu ya bega lake.

*Shikamoo.*

*Asante kwa swali lako.*

Akasubiri kidogo, kana kwamba jibu jingine liko nyuma linakuja.

"Siye huyu," akasema.

"Dada, mashine ni hiyo hiyo."

"Hapana. Nilipokuwa chuoni nilimwamkia kila jioni, na kila jioni nikawa nashukuriwa. Nikajua kuna kitu kimempata." Akageuka. "Mzee wangu, yule aliyekuwa ananiitikia yuko wapi?"

Nilijibu kama ninavyopaswa kujibu. "Hapajawahi kuwa na mtu."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma.

"Haya. Basi huyo asiyekuwapo ukimwona, mwambie ile mashine ya zahanati yetu inafanya kazi. Niliufungua ule utepe kwa meno, fundo lilikuwa gumu. Wiki iliyopita mtoto wa jirani amepumua nayo mpaka asubuhi. Na umpe shikamoo yangu."

Akaondoka kuwahi basi. Kisheria nilitakiwa kumripoti, maana kufungua bila mgeni rasmi ni kosa. Badala yake nikamuuliza mtu wa mafagio, naye akaniambia anapokaa Hamduni, chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nikaenda kwa miguu. Sikuwa na hotuba, wala mto, na sikujua mikono niiweke wapi.

Alinifungulia, akanitambua, hakusema neno baya. Mle ndani mlikuwa na kitanda na kiti kimoja. Akanipa kiti, yeye akasimama.

"Nimebeba salamu zako," nikamwambia. "Sikudhani wa Mwisho wa Lami. Mashine ya kwao inafanya kazi, ameiwasha mwenyewe. Na anasema shikamoo."

Akashika ukingo wa kitanda.

"Marahaba," akasema, akitazama mlangoni, kana kwamba binti amesimama pale. Kisha akarudia tena polepole, "Marahaba, mwanangu."

Nilipoinuka alinisindikiza mpaka nje.

"Utapita tena siku nyingine?" akauliza.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka, Mungu wangu, kilikuwa hiki: "Suala lako linafanyiwa kazi."

Akacheka kidogo, akarudi ndani. Sikucheka. Nilitembea mpaka kwangu, na pale mlangoni, kwa mazoea ya kuishi na watu niliyoyapata utotoni, nikabisha.

"Hodi!"

Naishi peke yangu, sijui nilimtarajia nani. Nikasimama pale na ufunguo mkononi, mtu niliyewapangia viti maelfu ya watu, na hakuna aliyeniambia karibu. Nikafungua, nikaingia, nikakiinua kiti changu, nikakiweka begani, nikarudi nacho kwa Hamduni.